Somo la dini Garissa: Haki ya kutoka darasani pekee haitoshi

KENGELE ya somo la dini inapolia katika shule ya msingi inayofadhiliwa na kanisa, kuna watoto wanaofungua vitabu na kuna wanaofunga mikoba na kutoka nje. Wanaobaki ni wale ambao dini yao ndiyo inayofundishwa. Wanaotoka ni wale ambao wazazi wao wameomba wasamehewe.

Mjadala wetu wa kitaifa kuhusu dini shuleni umekuwa ukiishia hapo mlangoni. Tunabishana iwapo mtoto ana haki ya kutoka. Ni nadra mtu kuuliza anayetoka huenda wapi.

Swali hilo lina uzito wa kipekee mjini Garissa, na hasa Waberi, mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Garissa Mjini. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa takriban asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo na asilimia 11 ni Waislamu. Hapa hesabu hiyo imegeuka juu chini. Mkristo ndiye mchache. Aghalabu ni mtoto wa polisi, wa mwanajeshi, wa muuguzi, wa mwalimu, au wa mfanyabiashara aliyevuka daraja la Mto Tana kuja kutafuta riziki.

Shule ya Kikristo katika mazingira kama haya hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Kwa familia hizo chache, ndiyo mahali pa pekee, mbali na kanisa lenyewe, ambapo mtoto atafundishwa imani ya wazazi wake. Kwa jirani Mwislamu, ni shule ambayo angependa mwanawe anufaike na masomo yake, mradi asirudi nyumbani akiwa na imani nyingine.

Wapo wanaodai kwamba mahitaji hayo mawili hayawezi kukaa chini ya paa moja. Maoni ya mwandishi huyu ni tofauti. Mzazi Mkristo wa Waberi na mzazi Mwislamu wa Waberi wanaomba jambo lile lile: mtoto afundishwe dini ya kwao na mtu anayeijua, na asilazimishwe kufuata ya mwenzake. Kinachowagonganisha si imani, bali ni upungufu wa walimu na ukosefu wa utaratibu. Sheria imempa mtoto haki ya kutoka darasani. Haijahakikisha kwamba kuna darasa jingine la kuingia.

Sheria yasemaje

Itakumbukwa kwamba sehemu kubwa ya elimu ya kisasa nchini Kenya iliasisiwa na wamisionari. Shule za Maseno, Mang'u na Alliance, ambazo majina yake yametajwa katika kila orodha ya viongozi wa taifa hili, zote ni matunda ya makanisa. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliweka usimamizi wa shule hizo mikononi mwa serikali. Makanisa yakabaki na hadhi ya wafadhili.

Sheria hiyo hiyo ilimpa mzazi wa mwanafunzi katika shule ya umma haki ya kuomba mwanawe asamehewe ibada pamoja na mafundisho ya dini. Shule ilipaswa kukubali ombi hilo hadi mzazi mwenyewe abadilishe nia.

Katiba ya mwaka 2010 ilitilia nguvu haki hiyo. Kifungu cha 8 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani, ukiwemo uhuru wa kuidhihirisha dini yake kwa kuifundisha. Kifungu hicho kinaongeza mambo mawili muhimu kwa shule yoyote ya kidini: mtu asinyimwe nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake, na asishurutishwe kutenda jambo linalokwenda kinyume na imani hiyo.

Ndipo ikaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Kifungu cha 27 kinaeleza kazi ya mfadhili. Ana nafasi katika bodi na kamati za shule. Anaweza kutoa ushauri kuhusu malezi ya kiroho na hata kuteua kasisi wa shule, kwa gharama yake mwenyewe. Lakini malezi hayo ni sharti yaendelezwe huku madhehebu na imani za wengine zikilindwa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo husahaulika. Kuna wafadhili ambao huisoma nusu ya kwanza ya sentensi na kufunga kitabu.

Mahakama nazo zimetumbukizwa katika suala hili mara kwa mara. Kesi inayojulikana zaidi ni ile ya Shule ya Upili ya Mtakatifu Paulo Kiwanjani, kaunti ya Isiolo, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Mnamo Septemba 2016, Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu pamoja na sare. Januari 2019, Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo, hasa kwa kuwa madai yenyewe hayakuwa yamewasilishwa kwa njia ifaayo katika mahakama ya chini. Kati ya hukumu hizo mbili, mwaka 2017, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imewapa ushindi Waadventista Wasabato waliotaka wanafunzi wao waachwe waiheshimu siku ya Sabato.

Ukizichunguza kesi hizo utaona kwamba zote zilihusu haki ya kuachwa. Kuachwa uvae unavyoamini. Kuachwa upumzike siku unayoiamini. Hakuna hata moja iliyouliza ni nani atakayemfundisha mtoto huyo dini yake, saa ngapi, na katika chumba kipi.

Hofu ya mzazi Mwislamu

Wakosoaji wa kutoka bara huwa wepesi kusema kwamba mzazi Msomali anaiogopa shule ya Kikristo bila sababu. Kauli hiyo hutolewa na wasioijua historia.

Masimulizi ya Wasomali yanaeleza kwamba mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Berbera, Sayyid Mohamed Abdille Hassan alikutana na mtoto aliyekuwa akilelewa na mapadri wa Kifaransa. Alipomuuliza ukoo wake, mtoto akajibu kuwa yeye ni wa ukoo wa mapadri. Kwa jamii ambayo ukoo ndio ngao ya mtu, jibu hilo lilikuwa msiba. Sayyid alianza vita dhidi ya Waingereza mwaka 1899, vikadumu takriban miaka 20. Iwe kisa hicho kilitokea kama kinavyosimuliwa au kiliongezwa chumvi, kinaeleza bayana kile ambacho mzazi anaogopa kupoteza: mtoto asiyejua tena yeye ni wa nani.

Hofu hiyo si ya Wasomali peke yao. Waislamu wa pwani waliijua mapema. Wamisionari wa Kianglikana walipoanzisha kijiji cha Freretown, Mombasa, mwaka 1875, elimu na ubatizo viliandamana. Wazazi wengi Waislamu wakaona heri mtoto akose kuandika Kiingereza kuliko kukosa dini. Miaka ya 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alilipigia mbiu jambo hili. Aliwataka Waislamu waikumbatie elimu ya kisasa bila kuisalimisha imani yao. Kwa maneno mengine, hakuwaambia waikimbie shule. Aliwaambia wawe na sauti ndani yake.

Kaskazini mambo yalikuwa magumu zaidi. Mkoloni aliifunga wilaya nzima ya mpakani, mtu asiingie wala kutoka bila kibali, na wamisionari kwa jumla wakazuiwa. Kwa hivyo Garissa haikupata shule za misheni wakati ambapo Nyanza, Ukambani na eneo la Mlima Kenya zilikuwa zikizipata kwa wingi, wala serikali haikujishughulisha kuziba pengo hilo. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Garissa yenyewe iliundwa mwaka 1984, askofu wake wa kwanza akiwa Paul Darmanin, Mkapuchini kutoka Malta. Kwa umri wa taasisi, hiyo ni kama jana.

Hivyo basi shule ya kanisa mjini Garissa haina mizizi ya karne nzima kama ile ya Maseno. Ni mgeni. Na mgeni, hata akiwa mwema, hutazamwa kwanza mikono amebeba nini.

Wazazi wengi Waislamu hulitatua tatizo hili kwa njia yao. Mtoto huenda dugsi kwanza, ambako huhifadhi Kurani, kisha akaenda shule. Wengine huchanganya vyote viwili kwa siku moja, alfajiri na alasiri. Mzigo ni mkubwa kwa mtoto wa miaka minane, lakini ndio uliomwezesha mzazi kumpeleka shule ya Kikristo bila kupoteza usingizi.

Hofu ya mzazi Mkristo

Upande wa pili una majeraha mapya zaidi.

Mnamo Julai 1, 2012, siku ya Jumapili, watu waliojifunika nyuso walivamia makanisa mawili mjini Garissa, la African Inland na lile la Katoliki, kwa risasi na guruneti. Zaidi ya watu 15 waliuawa. Novemba 2014, basi lilisimamishwa karibu na Mandera. Abiria walioshindwa kuthibitisha Uislamu wao walitengwa, na watu 28 wakauawa, wakiwemo walimu wengi waliokuwa wakisafiri kwenda likizo. Aprili 2, 2015, wavamizi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Hapo pia walitenganisha Wakristo na Waislamu. Waliouawa walikuwa 148.

Kwa mtoto wa Kikristo anayeishi Garissa, basi, dini si suala la kitabuni tu. Wazazi wake wanakumbuka kwamba watu waliulizwa maswali ya dini kando ya barabara, na aliyekosa jibu alilipa kwa uhai wake. Mzazi kama huyo anaposikia kwamba mwanawe atakaa katika somo la Kiislamu kwa sababu hakuna mwalimu wa dini yake, si haki kumwambia kwamba anakuza mambo.

Hata hivyo, historia hiyo hiyo ina ukurasa mwingine ambao haufai kufichwa. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2012, viongozi wa Kiislamu waliahidi vijana wao kuyalinda makanisa ya Garissa. Na mnamo Desemba 2015, basi jingine liliposhambuliwa katika kaunti ya Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengana na wenzao Wakristo. Mmoja wao, Salah Farah, alipigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata. Alikuwa mwalimu, tena naibu wa mwalimu mkuu. Taifa lilimtunukia nishani baada ya kifo chake.

Ingefaa watunga vitabu vya somo la dini, la Kikristo na la Kiislamu, wakikumbuke kisa hicho. Mwalimu Farah hakuacha dini yake ili kumwokoa Mkristo. Aliitii.

Mwalimu aondokapo

Mashambulizi hayo yaliacha pengo ambalo halikuzibwa kwa urahisi. Walimu wengi waliotoka kaunti nyingine walikataa kurejea mwanzoni mwa 2015. Februari 2018, walimu wawili na mke wa mmoja wao waliuawa katika shule ya msingi ya Qarsa, Wajir. Januari 2020, walimu watatu wakauawa katika shule ya msingi ya Kamuthe, kaunti ya Garissa. Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ikawahamisha kwa wingi walimu wasio wenyeji kutoka eneo hilo.

Vyombo vya habari viliandika mengi kuhusu masomo ya hisabati na sayansi yaliyokosa walimu. Kilio hicho kilikuwa cha haki. Lakini somo la dini ya Kikristo lilipata pigo la aina yake. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwa wa dini yoyote. Mwenyeji aliyehitimu anaweza kuichukua nafasi ya aliyehama. Mwalimu wa somo la dini ya Kikristo, kwa hali ilivyo Garissa, karibu daima ni mtu aliyetoka nje ya kaunti. Alipopanda basi kurudi kwao, somo lilipanda naye.

Gharama ya pengo kama hilo ilipimika. Chini ya mfumo wa 8-4-4, mtihani wa darasa la nane, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, uliunganisha somo la jamii na dini katika karatasi moja ya maswali 90. Maswali 60 yalikuwa ya jamii na 30 ya dini. Mtahiniwa alichagua sehemu ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu. Mtoto aliyekuwa akitoka nje kila kipindi cha dini bila kufundishwa ya kwake alikuwa akiiendea theluthi nzima ya karatasi akiwa mikono mitupu.

Wapo waliopata njia ya mkato. Mtoto Mkristo alijibu maswali ya Kiislamu kwa sababu ndiyo aliyoyasikia darasani, au Mwislamu aliyesoma bara akajibu ya Kikristo kwa sababu iyo hiyo. Wazazi walinyamaza kwa kuwa alama ziliingia. Lakini kuna kitu kisichokuwa sawa mtoto anapokariri imani asiyoiamini ili apate nafasi ya shule ya upili. Dini yake imedharauliwa, na ile aliyoikariri pia imedharauliwa.

Mfumo mpya wa umilisi haujaliondoa tatizo. Somo la dini limo katika shule ya msingi, na limebaki miongoni mwa masomo tisa ya sekondari msingi baada ya masomo hayo kupunguzwa mwaka 2024. Mtoto wa Waberi bado anahitaji mwalimu.

Funzo kutoka Jowhar

Je, shule ya Kikristo inaweza kuruhusu Uislamu ufundishwe ndani ya kuta zake bila kuacha kuwa ya Kikristo? Kwa wengi wazo hilo ni kufuru. Lakini limewahi kujaribiwa miongoni mwa Wasomali wenyewe, ng'ambo ya mpaka.

Wamisionari wa Kimenno kutoka Marekani waliingia Somalia mwaka 1953. Walifungua shule na huduma za afya, zikiwemo shule za Jowhar na Mahaddei. Julai 1962, mmisionari Merlin Grove aliuawa kwa kisu mjini Mogadishu alipokuwa akiwaandikisha wanafunzi wa masomo ya Kiingereza. Mwaka uliofuata, serikali ya Somalia ikapiga marufuku kueneza dini yoyote isipokuwa Uislamu, na kutaka Uislamu ufundishwe katika shule zote, hata za misheni.

Wamisionari hao walikuwa na kila sababu ya kufunga virago. Badala yake walikubali. Waliwaruhusu walimu wa Kiislamu kuingia katika shule zao, nao wakaendelea kufundisha masomo mengine na kuishi kama Wakristo mbele ya macho ya watu. Shule hizo zilitaifishwa mwaka 1972 chini ya utawala wa Siad Barre, na mwaka 1976 wamisionari wakafukuzwa. Lakini waliosomea humo waliendelea kuzikumbuka kwa wema, na baadhi ya Wamenno hao walipohamia Kenya walipokewa na Wasomali wa Eastleigh na Garissa kama watu wanaojulikana.

Mfano huo una dosari yake, na haifai kuificha. Ulikuwa ni amri ya serikali, tena ya upande mmoja. Mkristo hakuwa na haki ya kufundisha ya kwake kwa uhuru. Kenya ina Katiba inayowapa wote wawili haki. Kwa hiyo tunachopaswa kuiga si amri, bali ni ugunduzi uliotokana nayo: shule ya kanisa ilipomwajiri maalimu, wazazi waliiamini zaidi.

Kifanyike nini

La kwanza ni uwazi wakati wa kuandikisha mtoto. Shule ya kibinafsi ya Kikristo ina haki ya kuwa na sala, nyimbo na ratiba yake ya kidini. Lakini iseme hivyo tangu mwanzo, kwa maandishi, katika lugha anayoielewa mzazi, iwe Kisomali au Kiswahili. Mzazi achague kwa hiari ni mambo gani mwanawe atashiriki na yapi atasamehewa. Kumfanya agundue katikati ya muhula kwamba mwanawe anaimba tenzi ni kumvizia, na kuviziana hakujawahi kujenga ujirani.

Shule ya umma iliyo chini ya ufadhili wa kanisa haina hata nafasi hiyo. Mishahara ya walimu wake hutoka katika kodi za Waislamu na Wakristo. Gwaride la asubuhi, sala na kipindi cha dini visitumiwe kama chambo.

La pili ni ratiba. Somo la Kikristo na la Kiislamu lifundishwe kipindi kimoja, katika vyumba viwili. Mtoto asionekane akitoka peke yake kama aliyekosa. Wote watoke na kuingia, kila mmoja aende kwake.

La tatu ni walimu, na hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Shule za mjini Garissa haziko mbali na nyingine kama zile za vijijini. Mwalimu mmoja wa dini ya Kikristo anaweza kuhudumia shule kadhaa za Waberi na wadi jirani kwa juma, ikiwa TSC na afisi ya elimu ya kaunti ndogo zitampangia hivyo. Watoto watano wa shule moja na saba wa nyingine hawatoshi kuajiriwa mwalimu katika kila shule, lakini kwa pamoja ni darasa kamili. Halikadhalika, maalimu mmoja anaweza kuzunguka katika shule za kanisa.

Makanisa na misikiti nayo yana jukumu. Sheria inamruhusu mfadhili kulipia kasisi. Hakuna kinachoizuia kamati ya msikiti kuchangia posho ya maalimu anayefundisha katika shule ya kanisa, wala parokia kuchangia katekista anayefundisha watoto wachache katika shule ya Waislamu, mradi kila mmoja awe amehitimu na afuate silabasi iliyoidhinishwa. Serikali ya kaunti, ambayo kikatiba inasimamia elimu ya chekechea, inaweza kuuanza utaratibu huu kwa watoto wadogo bila kusubiri Nairobi.

La nne ni usalama. Haitoshi kumtangazia nafasi ya kazi mwalimu kutoka Kitui au Meru iwapo hatakuwa na nyumba salama na usafiri wa uhakika. Ni haki kumwomba ajitolee, lakini si haki kumwomba afe.

Kipimo ni kimoja

Wapo Wakristo watakaouliza kwa nini kanisa limfungulie mlango maalimu. Wapo Waislamu watakaouliza kwa nini watoto wachache wa wageni wasumbue ratiba ya shule nzima.

Wote wawili wanapaswa kuangalia ng'ambo ya daraja. Yule Mkristo wa Waberi anayelalamika kwamba mwanawe hana mwalimu wa dini ana ndugu huko Mwingi au Embu ambaye shule yake ina watoto Waislamu wanaokaa chini ya mti wakati wa somo hilo hilo. Na yule Mwislamu wa Garissa asiyeona haja ya kumtafutia Mkristo mwalimu ana jamaa waliohamia Nakuru, Thika au Eldoret, wanaolalamikia kadhia ile ile. Kila mmoja wetu ni wengi mahali fulani na ni mchache mahali pengine. Haki unayoidai ukiwa mchache ndiyo deni unalodaiwa ukiwa wengi. Hakuna kipimo kingine kilicho cha haki.

Nairobi inaweza kuandika sera, na mahakama zinaweza kutoa hukumu. Lakini shule inayoweza kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana haiko Nairobi. Iko katika mji kama Garissa, ambako gharama ya kutoelewana tayari imelipwa kwa damu.

Kwa Kisomali, Waberi maana yake ni mapambazuko. Mwenyeji yeyote wa wadi hiyo atakueleza kwamba alfajiri ndiyo saa ambayo watoto hukatiza barabara na mbao zao wakielekea dugsi. Saa chache baadaye, baadhi yao huonekana tena wamevaa sare, wakielekea shule pamoja na watoto wa polisi na wauguzi. Njiani hawaulizani dini. Watenganishwapo kwa kipindi kimoja cha ratiba, kila upande na uwe na mwalimu wake anayeusubiri.